Gita la Mihayo na Kona ya Godoro

Sogeeni karibu. Anayetaka kusinzia asinzie sasa hivi, maana hadithi hii sitaimaliza mimi, mtaimaliza ninyi, na aliyelala hawezi kuamua kesi ya watu.

Palikuwa na mama mmoja pale Tabora, jina lake Bi Nyamizi, aliyejaliwa watoto watatu. Wa kwanza, Luhende, alikuwa seremala. Akipitisha kidole juu ya ubao anakwambia umekauka miaka mingapi. Wa pili, Kalunde, alikuwa fundi redio sokoni. Redio ambayo mafundi wengine wameshaikatia tamaa, yeye aliisogeza sikioni kama mtu anayepewa umbea, kisha akaifungua na ikaimba. Wa tatu, Ngassa, hakuwa na ufundi wowote, na wakubwa zake hawakuchoka kumtania. Kipawa chake kilikuwa kimoja tu: akisema atafanya jambo, hesabu kwamba limefanyika.

Baba yao, Mzee Mihayo, alipiga besi miaka thelathini katika bendi iliyoitwa Magurudumu Jazz. Kwa msioijua besi, ni lile gita la nyuzi nne ambalo ukumbini hakuna anayelitazama, lakini likinyamaza wachezaji wote wanasimama. Gita la Mihayo lilitoka dukani likiwa jekundu. Bendi iliposhona sare nyeusi, nalo likapakwa nyeusi. Bendi ilipovunjika, mwenzake Nkwabi aliazima zile funguo nne za kukazia nyuzi akahamia nazo Urambo. Kilichobaki kikavujiwa na paa masika mawili, shingo ikapinda, waya za ndani zikaoza. Mihayo akalisukumia uvunguni wala hakulitaja tena.

Hakulitaja mpaka alipopata kiharusi. Kile cha kwanza kilimwachia maneno machache, na akayatumia kwa gita. Aliwaita watoto wake wote watatu, akasema polepole, "Lirudisheni lilivyokuwa siku ya kwanza. Lisiuzwe, na lisiwe la watu wawili. Atakayelirudisha, litakuwa lake. Mama yenu ataamua." Kiharusi cha pili kikayachukua na maneno yale machache.

Tangu siku hiyo Mihayo alilala ameelekea ukutani. Bi Nyamizi alimlisha uji, alimgeuza, alimwita kwa jina, na macho ya mumewe yalimpita kama anayetazama mlango. Walikuwa wameishi pamoja miaka arobaini na mmoja. Hakuomba apone, maana alijua. Aliomba jambo moja tu, kwamba kabla hajaondoka amtazame mara moja kama mtu anayemjua. Muuguzi aliyekuwa akija kumpima alimwambia, "Msikilizishe vitu alivyovizoea, bibi. Masikio huchelewa kufunga." Basi Bi Nyamizi akainama uvunguni, akalivuta gita, akawapa wanawe.

Luhende akaanza na kiwiliwili na shingo. Aliibandua rangi nyeusi kwa wembe, kidogo kidogo, hadi wekundu ukajitokeza, na pale palipolika kwa mkono wa baba yake hakupagusa. Shingo haikukubali kunyooka bila kuunganishwa na mti mkavu sana. Mti wa namna hiyo alikuwa nao mmoja tu, ubao wa mninga alioutunza miaka kumi na miwili kwa ajili ya mlango wa nyumba yake. Akaupiga msumeno. Ukipita kwake hata leo utakuta mlangoni pana pazia.

Kalunde akachukua sumaku inayolala chini ya nyuzi, ile inayozigeuza zipate sauti. Waya wake, mwembamba kuliko unywele, ulikuwa umekatika kila mahali. Ilibidi auzungushe upya kwa mkono, mizunguko elfu tisa, huku akihesabu. Siku ya pili mteja alimsalimia akiwa kwenye elfu sita, akaitikia, hesabu ikapotea, akaanza tena moja. Mwaka uliotangulia alikuwa amepasuliwa jicho la kushoto, na daktari alishamkataza kazi za kukodolea macho. Alimaliza. Lakini jicho lile sasa linaona ukungu, na daktari hasemi kama utaondoka.

Ngassa akaenda Urambo kudai funguo. Mzee Nkwabi akazileta zimefungwa kwenye kitambaa, lakini hakuziachia.

"Hizi sikuuzii, mwanangu. Vibarua wangu wameondoka, na tumbaku iko banini inakaushwa kwa moto. Nitunzie moto wa bani siku saba na funguo utazipeleka mwenyewe kwa baba yako."

"Baba ni mgonjwa sana, mzee. Hizo siku saba huenda asiwe nazo."

Nkwabi akafikiri, akasema, "Basi zitangulie leo na dereva wa lori. Wewe baki. Lakini moto ukizimika katikati, mazao yangu ya mwaka mzima yameharibika. Utabaki kweli?"

"Nitabaki," akasema Ngassa. Ninyi mnamjua tayari akishasema.

Funguo zikafika jioni ileile. Kesho yake asubuhi gita lilikuwa zima, jekundu, limenyooka, nyuzi mpya zinameta. Waliazima spika ya kwaya, wakaiweka miguuni pa kitanda. Kalunde, ambaye baba yake alimfundisha wimbo mmoja tu utotoni, akakaa kwenye kigoda akaupiga huo. Sauti ilitoka safi, kali, ikajaza nyumba.

Mihayo hakugeuka.

Akaupiga mara ya pili, na ya tatu. Luhende akatoka nje asionekane analia. Bi Nyamizi alibaki ameshika tama. Aliona uchungu kwa ajili ya wanawe kuliko kwa ajili yake, jinsi walivyojinyima, na bado ukuta ule ukawashinda. Lakini kadiri alivyosikiliza ndivyo kitu kilivyomkereketa. Besi ya mumewe haikuwa ikilia hivi. Haikuwa na mlio wa kengele. Ilikuwa fupi na nzito, kama mtu anayetwanga nyumba ya pili.

"Siyo yenyewe," akasema.

"Mama, kila kitu ni kilekile," Kalunde akamjibu.

Bi Nyamizi akaomba mkasi, Luhende akaingia nao. Sasa sikilizeni, maana hili watoto hawakulijua. Gita lile lilipotoka dukani, chini ya kile kifuniko cha chuma nyuzi zinapoishia, palikuwa na kipande cha sponji kinachozigusa nyuzi zisivume ovyo. Sponji ile ilipochakaa, mwaka wa kwanza wa ndoa yao, Bi Nyamizi alikata nyingine kwenye godoro lao. Ikichakaa tena anakata tena. Godoro likibadilishwa, nalo linapoteza kona. Watoto walikua wakiamini kona ile ililiwa na panya, na kila walipoulizwa waliapa wamemwona.

Akainua shuka, akakata kipande, akakipachika mahali pake na kurudisha kifuniko.

"Piga sasa."

Kalunde akapiga. Du, du-du. Fupi na nzito. Juu ya shuka, kidole cha Mihayo kikasogea, kisha viwili, vikafuata wimbo. Kichwa kikageuka kutoka ukutani, taratibu sana. Macho yakapita kwenye gita, yakapita kwa Kalunde, yakamfikia Bi Nyamizi na mkasi wake, yakatulia hapo. Alimjua. Hakuna mtu wa kumwambia Bi Nyamizi vingine.

"Teremsha kidogo," akasema Mihayo.

Kalunde akashika ufunguo wa uzi wa kwanza, akaulegeza nusu mzunguko. Mihayo akafumba macho akausikiliza wimbo mpaka mwisho, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mkewe. Hakusema kitu kingine. Siku ya tatu yake, alfajiri, akafariki.

Ngassa alipigiwa simu moto ukiwa na siku mbili za kutimiza. Alikaa mbele ya bani akalia, akaongeza kuni. Alipofika nyumbani nguo zake zilinuka moshi, na kaburi la baba yake lilikuwa limeshakauka juu.

Arobaini ni Jumapili hii. Watoto wote watatu wamekuja, gita limeegemezwa ukutani, na kila mmoja amesema lake.

Luhende akasema, "Bila shingo, nyuzi zingefungwa wapi? Nililirudisha kama baba alivyolipokea, hata rangi."

Kalunde akasema, "Gita lisilo na sauti ni ubao. Baba aliamshwa na sauti, na sauti ile ina jicho langu ndani yake."

Naye Ngassa akasema, "Ninyi mlimsikia akisema 'teremsha kidogo'. Mimi sikumsikia. Ufunguo ulioshushwa ndio niliobakia Urambo kwa ajili yake. Niacheni nami niwe na kitu mkononi."

Kisha Luhende, ambaye hapendi kuonea mtu, akamtazama mama yake. "Ila tuseme ukweli. Baba hakugeuka mpaka Mama alipolikata godoro."

Bi Nyamizi alikuwa hajamwambia mtu yeyote, lakini naye analitaka gita lile. Analitaka kuliko alivyowahi kutaka kitu. Usiku anapogeuka kitandani mkono wake unaiangukia ile kona iliyokatwa, na angependa upande wa pili pawepo na kitu cha kuugusa. Lakini ni yeye aliyeachiwa kuamua, na atajipaje mwenyewe mbele ya pazia la Luhende, jicho la Kalunde na moshi wa Ngassa?

Halikatiki vipande. Haliuzwi. Haliwi la wawili. Mimi nimefika mwisho wangu, na Jumapili iko karibu.

Naanza na wewe uliyekaa karibu na mlango, kisha jirani yako, tuzunguke hivyo hivyo mpaka wa mwisho. Bi Nyamizi anasubiri. Ungekuwa wewe, gita lile ungelitia mikononi mwa nani?