Joho la Mshindi wa Sataranji

Alitawala zamani, katika mji wa Darizuhura, Sultani Kaikubadi, mwenye majeshi na mabustani na hazina tele, lakini fahari yake kuu ilikuwa binti yake Mahasini, ambaye katika mchezo wa sataranji hakuwa na mfano. Sultani aliapa mbele ya kadhi kwamba atamwoza kwa yeyote atakayemshinda, na wafalme wakaja na farasi wao na jeuri zao, wakarudi makwao na farasi tu.

Siku moja akaingia barazani mchawi mgeni, jina lake Bahaluli, na nyuma yake akitembea mtu wa shaba, na ndani ya kifua cha shaba amefungwa jini aonaye njia zote za kete kabla kete haijaguswa.

"Ewe Maulana," akasema Bahaluli, "mtumwa wangu huyu atacheza badala yangu. Mimi sitagusa hata kete moja."

Sultani akacheka, akakubali, kwani hakuwahi kumwona mwanawe akishindwa.

Basi Mahasini akacheza mchezo ambao watu wa Darizuhura wanajivunia mpaka leo, akatoa farasi apate ngome, na akamtoa muhanga waziri wake, na kuna wakati mkono wa shaba ulisita hewani. Lakini jini hachoki wala hana moyo wa kumdunda, na ilipoingia alasiri, shaha wa Mahasini, mfalme wa kete zake, alikuwa amebanwa pembeni, hana pa kwenda. Uchungu ukamshika binti yule, si kwa kushindwa, maana alishindwa na hodari, bali kwa kumwona Bahaluli, aliyeshinda kutwa akila tende, akiinuka kuja kumchukua.

Kadhi akaleta joho la kijani ambalo kwa desturi ya mji huvishwa mshindi wa baraza, na avikwaye, hata akiwa mtumwa, hutoka hapo akiwa huru. Bahaluli, kwa ugeni wake, alidhani ni nguo tu, akageuza mabega avishwe.

"Subiri, Shehe Kadhi," akasema Mahasini. "Ewe mgeni wetu, nani aliyenishinda?"

"Mtumwa wangu!" akajibu Bahaluli kwa majivuno. "Mimi sikugusa kete."

"Mmesikia, enyi wakubwa. Basi avishwe yeye, awe huru."

Ndipo Bahaluli alipong'amua, akapiga kelele, "La! Nimeshinda mimi! Akili yake ni mali yangu!"

"Kama ni wewe, kiti ki wazi. Keti tucheze."

Akaketi kwa kuona haya, na kahawa haijapoa akawa amekwisha fungwa, na baraza zima likacheka. Nguo ya kuazima haisitiri matako.

Kadhi akamvisha joho mtu wa shaba, na shaba ikapasuka kifuani, na jini akatoka akasimama mpaka darini. Sultani akatetemeka, kwani kiapo kilikuwa kingali kiapo, na aliyemshinda binti yake ndiye huyu.

Jini akainama mbele ya Mahasini, akasema, "Ewe binti Sultani, niliziona njia zote za ubaoni hadi mwisho wake, lakini njia uliyopita kunikomboa sikuiona, nami nilikuwa katikati yake. Nimekushinda kwa kete, umenishinda kwa akili, na baba yako hakuapa kumwoza binti yake kwa aliyeshindwa."

Akaijaza ile shaba lulu na yakuti, akampa, akaenda zake. Bahaluli alikuwa ameshatoroka, hata viatu aliviacha.

Sultani akatangua kiapo, akamwachia bintiye achague, naye akaolewa na mwanamfalme Ghiyathi, ambaye katika wote aliowashinda ndiye pekee aliyeomba afundishwe. Wakaishi kwa raha na utajiri.

Haya ndiyo niliyopokea, nami nimeyatua mbele yenu: shaba inaweza kumshinda mwanadamu mchezoni, ikamshinda tena kesho, lakini kujua kwamba upo mchezo mwingine nje ya ubao, hilo ni letu sisi wana wa Adamu.