Tarumbeta la Mwalimu Zefania

Hapo zamani, wala si zamani ya kuwachosha, milimani huko Upareni palikuwa na kijiji kiitwacho Mbweheni, na Mbweheni aliishi mwalimu mstaafu, Zefania Mbwambo. Nawaambieni mapema, hadithi hii ina hasira, na mwenye hasira ni binti yake, Nakijwa. Mkimwona amenuna msimwambie atulie. Msikilizeni kwanza.

Mwalimu alifundisha kijiji kizima kusoma, baba kwanza, kisha watoto wa yule baba. Alipostaafu hakuketi. Alikuwa na tarumbeta, na ndiye aliyeianzisha bendi ya matarumbeta ya kanisani. Harusi ni yeye, msiba ni yeye, Krismasi ni yeye. Tena alikuwa na ugonjwa mbaya kuliko ule wa kifua nitakaousimulia: mtu akimwita "Mwalimu", alisimama. Hata awe na tonge mkononi, alisimama.

Mtu mmoja tu ndiye aliyewahi kuambiwa asubiri. Nakijwa, alipokuwa msichana, alimwomba baba yake amfundishe kupuliza. "Subiri, mwanangu," akajibiwa, "leo nina watoto wa watu." Leo hiyo haikuisha. Nakijwa akaolewa, akafiwa na mume, akarudi kwa baba yake, na mpaka hapo hajui kupuliza hata mlio wa kufukuza kuku.

Kisha kifua cha Mwalimu kikaharibika. Daktari akamwambia tarumbeta basi, akilipuliza tena pumzi zitamwisha. Nakijwa akalichukua, akalifungia kwenye sanduku la bati, ufunguo akaufunga kwenye pindo la kanga yake. Akampikia uji, akamkanda mgongo, asubuhi akamtoa nje juani, jioni akamrudisha ndani. Mwalimu akaishi. Wengine tayari walikuwa wamempangia wimbo wa kumzikia, naye akaishi.

Akaja wa kwanza, Elirehema, mdogo wake Nakijwa, kutoka mjini. Binti yake alikuwa anaolewa. Akasema, mjukuu wa Mwalimu akiolewa bila tarumbeta la babu yake, wakwe watasema tumemtoa kwa mlango wa nyuma. "Mara moja tu, Baba."

Na Mwalimu akasimama. "Nakijwa, nipe ufunguo." Wageni wamekaa, wanatazama. Nakijwa angesema nini? Akampa. Mwalimu akapuliza, bibi harusi akatoka kichwa juu, wakwe wakanyamaza kwa heshima. Elirehema akarudi mjini na picha zake. Nakijwa akabaki na kikohozi cha wiki nzima.

Akaja wa pili, Mrutu, mwenyekiti wa kijiji. Palikuwa na mtaro wa bomba wa kuchimbwa, kutoka chemchemi ya msituni mpaka shuleni, na wanakijiji wamegoma kwenda msaragambo. Msaragambo ni kazi ya wote, basi kila mtu akamwachia mwenziwe. Mrutu alikuwa amewatangazia kwa kipaza sauti, nao wakaenda zao kupalilia maharage. Akasema, "Ukiita wewe, Mwalimu, hakuna atakayebaki kitandani. Wote umewachapa. Mara moja tu."

Na Mwalimu akasimama. "Nakijwa, nipe ufunguo." Akampa. Mwalimu akapanda kilimani akapuliza, na watu wazima wenye wajukuu wakatoka mbio na majembe kana kwamba kengele ya shule imelia. Lakini mtaro hauchimbwi kwa siku moja, na ile mara moja ya Mrutu ikawa kila asubuhi mpaka kazi ikaisha. Maji yakafika shuleni. Mwalimu akafika nyumbani amebebwa begani, midomo imekuwa ya bluu. Mrutu akatoa hotuba bombani.

Akaja wa tatu, Senkondo, mwanafunzi wake na kiongozi mpya wa bendi. Pasaka ilikuwa imekaribia, na desturi ya Mbweheni ni bendi kupuliza makaburini alfajiri, kuwaambia waliolala kwamba Bwana amefufuka. Mpuliza sauti ya kwanza alikuwa amehama, na vijana waliobaki walikuwa hawajaiweza. Akasema bendi ikinyamaza Pasaka hii, imekufa. "Mara moja tu, Mwalimu, wakusikie wakufuate."

Na Mwalimu akasimama. Ufunguo akapewa. Akapuliza katikati ya ukungu ule wa mlimani unaoingia mpaka kwenye mifupa, vijana wakamsikia, wakamfuata, wakaiweza. Akarudi kwa miguu yake mwenyewe, anatabasamu. Akaomba chai. Chai ikapoa mbele yake hajaigusa. Jumanne akafa.

Sasa sikilizeni desturi yao nyingine, maana hapa ndipo penye kisa. Akifa mpuliza tarumbeta wa Mbweheni, kabla udongo wa kwanza haujatupwa, mtu mmoja hulipuliza tarumbeta la marehemu pale kaburini, peke yake. Hata mlio mmoja watosha. Huyo ndiye mrithi wa tarumbeta. Asipopatikana, tarumbeta hushushwa pamoja na mwenyewe, na watu husema marehemu amezikwa amezibwa mdomo. Na anayechagua mpulizaji ni yule aliyempa marehemu maji ya mwisho. Akipenda, anaweza kujichagua mwenyewe. Maji ya mwisho alikuwa ameyatoa Nakijwa.

Basi jeneza limeshashuka, Nakijwa amelishika tarumbeta kifuani, nao wakaja mmoja mmoja.

Elirehema akasema, "Dada, mimi ni mwanawe wa kiume. Nilimpa siku ya furaha kabla hajafa. Nyumba yetu inajulikana kwa tarumbeta hili. Lisitoke kwetu."

Mrutu akasema, "Binti Mwalimu, watoto wa shule wanakunywa maji kwa pumzi zake. Tarumbeta hili limewatoa watu vitandani kwa kazi ya wote. Nipe nipulize kwa niaba ya kijiji."

Senkondo alikuwa analia. Akasema, "Dada, mimi sina cha kujitetea. Lakini kati yetu hapa ni mimi tu ninayeweza kulipuliza alivyolipuliza yeye. Mtu aliyewazika wote kwa wimbo, tumzike kwa kelele?"

Nakijwa akawatazama. Hasira ilikuwa imemkaba siku zote zile za msiba, kila alipowasikia wakimsifu baba yake huku wakila wali wake. Sasa ikatoka.

"Mnalia vizuri," akasema. "Nyote mnalia vizuri sana. Mlikuwa wapi nilipokuwa namshika kidevu ateme damu? Kila mmoja wenu alikuja kuchukua mara moja yake. Hakuna aliyeuliza baba ametoka kumpa nani mara moja nyingine. Mmemmaliza kidogo kidogo, na sasa mnagombea kilichobaki."

Watu wakainamisha vichwa. Shangazi yao mzee, Namsemba, akamwambia asimpe yeyote, alipulize yeye mwenyewe hata kama litatoa sauti ya mbuzi, maana ndiye aliyemweka Mwalimu hai.

Hapo Elirehema akashindwa kujizuia. "Ufunguo ulikuwa kwako, Dada. Ulijua alivyosema daktari kuliko sisi sote. Mbona kila alipoomba ulimpa?"

Naye Senkondo akaongeza, kwa sauti ya chini, bila ubaya, na ndiyo iliyomchoma zaidi. "Nilikuwa nakuja kumwona, Dada. Vidole vyake vitatu vilikuwa vinabonyeza blanketi mchana kutwa, anapuliza tarumbeta ambalo halipo. Asubuhi ile ya Pasaka ndiyo pekee niliyomwona mzima. Wewe unasema pumzi ndizo zilizomuua. Mimi sijui kama si lile sanduku."

Nakijwa alitamani kumzaba kofi. Alitamani pia kumuuliza baba yake, pale shimoni, kwa nini aliweza kumkatalia mtu mmoja tu duniani, na kwa nini mtu huyo awe yeye. Akalikumbatia tarumbeta mpaka shaba ikagonga kifungo cha gauni lake.

Mchungaji akatazama mawingu, akafunga kitabu. Wachimbaji wakainua majembe. Vijana wa bendi, waliofundishwa Pasaka ile ile, walisimama na matarumbeta yao chini, wanamngoja.

Mimi namwacha Nakijwa hapo ukingoni, wala simsukumi. Ninyi wasikilizaji mliokula na kushiba ndio mtamjibia, na asiseme mtu kwamba wote sawa, kwa maana tarumbeta lina mdomo mmoja. Mwana aliyeomba kwa ajili ya nyumba? Mwenyekiti aliyeomba kwa ajili ya kijiji? Mwanafunzi aliyeomba kwa ajili ya muziki? Binti aliyelifunga, akalifungua kila alipoambiwa? Au lishuke na mwenyewe, apumzike kuitwa?

Semeni, udongo unangoja. Je, nani alistahili kulipuliza?