Komando, Bingwa wa Maziwa

"Sheria ya mama haivuki mto." Mnaitamka kama kasuku, kisha mnaniuliza imetoka wapi! Haya, tulieni niwape asili yake.

Katika ushirika mmoja wa maziwa kule Rungwe alikuwapo Tusekile, fundi wa kanzidata, yale majedwali ya ndani ya kompyuta. Alitengeneza jedwali mama la mifugo, na kila tawi likapata jedwali mtoto lililorithi sheria za mama. Sheria mojawapo: dume asiandikiwe maziwa. Ukijaribu, kompyuta inakukatalia katakata. Tawi la ng'ambo ya mto pekee ndilo lililoandika kwenye kompyuta yake lenyewe. Tusekile akaliunganisha kama jedwali la kigeni, yaani lile ambalo data zake hukaa kwenye kompyuta nyingine, nalo likarithi sheria zilezile. Ukimuuliza mama, anajibu kwa niaba ya watoto wote. Tusekile akatamba, "Ikikosea, nifukuzeni kazi!"

Siku ya mkutano mkuu, mtamba wa zawadi ya bingwa wa maziwa alifungwa mbele ya watu. Tusekile akauliza jedwali mama nani kawashinda wote kwa maziwa, akatangaza kwa madaha: "Komando, wa ng'ambo!"

Vigelegele! Komando akaingizwa. Lahaula, dume la nundu, linakoroma!

"Tusekile mwanangu," mwenyekiti Mwakalinga akauliza, "huyu anakamuliwa wapi?"

Watu wakavunjika mbavu. Tusekile alitamani ardhi immeze. Aliiona kazi yake ikiota mbawa.

Mwenye dume, Mzee Ambakisye, akakasirika. "Mnacheka nini? Kwetu zizi huitwa kwa jina la dume lake. Maziwa yote ya zizini ni ya Komando!"

"Na ile sheria? Si ulisema imerithiwa?" mwenyekiti akauliza.

"Imerithiwa, baba," Tusekile akajibu. "Lakini wanaandika kwenye kompyuta yao, na kule sheria hiyo haipo. Mama huku anaamini tu kwamba inafuatwa. Hakagui."

"Kumbe! Mtoto kaitikia 'ndiyo, mama', na hakuna aliyechungulia sufuria?"

"Hakuna, baba."

"Basi kesho vuka ukaiweke sheria hukohuko. Kazi yako inakungoja ukirudi."

Tusekile akavuka, viatu mkononi, sheria akaiweka. Mzee Ambakisye analalamika mpaka leo kwamba Komando kadhulumiwa mtamba wake.

Kwa hiyo ukijisifu kwamba mwanao aliye mbali anafuata kanuni zako, nawe hujaenda kutazama, usinune ukiambiwa: sheria ya mama haivuki mto.