Kwa Nini Kuku Akinywa Maji Huinua Kichwa

Kuku hakuanza kwa kuoga vumbi. Wakati ule ambao watu na wanyama walikuwa bado wanaelewana kwa maneno, kuku alioga maji kila asubuhi kama bata, na mara nyingi alikuwa msafi kuliko mwenye nyumba.

Katika nchi kavu ya Ugogo, ambako mto hutiririka miezi michache tu na miezi mingine yote maji yake hujificha chini ya mchanga, aliishi mwanamke aliyeitwa Mama Nyemo. Alikuwa na watoto watano na bustani nyuma ya nyumba. Kila kiangazi mumewe alihama na ng'ombe kutafuta malisho, na waliobaki nyumbani walikula kilichotoka bustanini: majani ya kunde, majani ya maboga, na mwishoni maboga yenyewe. Bustani ikifa, hapakuwa na kitu kingine cha kutia chunguni.

Mama Nyemo hakuinua matuta. Alichimba vishimo vya duara, akatia samadi, akapanda mbegu ndani, kisha akafunika udongo kwa makapi ya mtama ili jua lisiukaushe. Kila jioni alimwagilia kila shina kata moja, pale pale kwenye mzizi, polepole, mpaka udongo uinywe. Kuku wake alipita katikati ya mashina akiokota viwavi na panzi. Walikuwa wamekubaliana: kuku alinde majani, naye Mama Nyemo ampe maji ya kunywa na bakuli la kuogea.

Ukaja mwaka ambao maji ya mchangani yalishuka. Mwanzoni Mama Nyemo alichimba kisima cha kumfika magotini, baadaye kiunoni, mwishowe akawa anazama mzima na kukwangua tope kwa kipande cha kibuyu. Alikwenda alfajiri, akarudi jua likiwa kali, na alichorudi nacho hakikutosha nyumba na bustani.

"Mwenzangu," alimwambia kuku, "ya kunywa nitakupa. Ya kuoga, basi."

"Na nikinuka?"

"Mimi nilioga lini? Umesikia mtu analalamika?"

"Wanakuogopa tu," kuku alisema.

Hata hivyo alikubali, na bakuli likafunikwa. Lakini kuanzia siku ile kuku alipatwa na kiu ya ajabu. Asubuhi koo limemkauka. Adhuhuri limemkauka tena. Mama Nyemo alijaza kigae cha kuku kila alipoombwa, kwa kuwa joto lilikuwa kweli na yeye alikuwa amechoka mno kubishana. Kila alipokijaza, kata moja ilipungua bustanini. Kunde zikaanza kuinamisha majani.

Siku ya tano alizunguka nyuma ya ghala kuchukua jembe. Alimkuta kuku amegeuza shingo, anatema mgongoni maji aliyoyaficha mdomoni, kisha anayasambaza kwenye manyoya, bawa moja baada ya jingine, bila haraka.

"Kumbe hii ndiyo kiu," Mama Nyemo alisema.

Kuku aligeuka kumtazama. Mdomo ulikuwa umejaa.

Mama Nyemo hakupiga kelele. Alichukua panga, akakata matawi ya mgunga yenye miiba mirefu, akajenga ua kuizunguka nyumba na bustani, akimwacha kuku nje. Pembeni aliacha upenyo mmoja wa kupita yeye na watoto, na kila walipopita waliuziba kwa tawi. "Kalale huko unakoogea," alimwambia.

Viwavi hawakuhitaji upenyo. Walitoka kwenye udongo ule ule uliolowana, wakapanda kwenye kunde. Mama Nyemo aliwaokota kwa mkono asubuhi na jioni, lakini alikuwa na maji ya kufuata, mtama wa kusaga na mikono miwili tu. Baada ya siku nane kunde zilikuwa vijiti. Vilibaki vishimo vitatu vya maboga, na majani yake yalikuwa yameshaanza kutoboka.

Alisimama akaviangalia vile vishimo vitatu. Hakuwa na hamu ya kumbembeleza aliyemwibia. Lakini watoto watano walikuwa wameshauliza watakula nini. Akaondoa lile tawi, akatoka.

Alimkuta kuku kwenye jalala la majivu, ubavu mmoja chini, miguu hewani, anajirushia majivu na vumbi mpaka haonekani.

"Umekuwa kichaa?"

"Chawa walitaka kuniua," kuku alisema, akainuka na kujikung'uta. "Nilijibwaga hapa ili nife. Wao ndio waliokufa. Niangalie manyoya."

Mama Nyemo aliyaangalia. Yalikuwa yanang'aa.

"Basi maji ya kuoga huyahitaji."

"Siyahitaji. Nilikukosea, Mama Nyemo."

"Maneno hata juzi ulikuwa nayo. Nitajuaje kwamba huyaweki mdomoni?"

Kuku alimsogelea. "Kila funda nitakalochukua, nitainua kichwa juu, ulione likipita kooni. Hutakuwa na haja ya kuuliza."

Mama Nyemo akaweka na sharti lake. Miche ikiwa michanga, kuku atakaa nje ya ua, maana sasa ameshazoea kuchakura na angefukua kila kitu. Mimea ikikomaa ataingia. Kisha akamjazia kigae. Kuku akachukua funda, akainua kichwa, akangoja, akameza. Akachukua jingine. Mama Nyemo alisimama na kata mkononi mpaka la mwisho, ndipo akamfungulia njia.

Vishimo vile vitatu vilipona. Maboga hayakuwa makubwa, lakini yaliwatosha watoto hadi mvua.

Na tangu siku hiyo kuku huoga vumbi, na bustani changa huzungushiwa miiba. Hata pale maji yanapojaa ndoo na hakuna anayepima, kuku hachukui mafunda mawili kwa mfululizo. Huchukua moja, huinua shingo, hutulia kidogo, kama vile Mama Nyemo bado amesimama pale anamtazama, na kata mkononi.