Bi Kindi na Mgeni Asiyekula

Paukwa!

Pakawa!

Nyie watu wazima mlioko nyuma, mbona kimya? Nani kawaambia hadithi ni ya watoto peke yao? Paukwa!

Pakawa!

Haya, hapo sawa. Sogeeni.

Hapo zamani za kale, ndani ya shimo la shina la msufi, aliishi Bi Kindi. Aliishi peke yake. Watoto wake walikuwa wamekua, kila mmoja kaenda kwenye mti wake. Nyumba ikawa kimya. Bi Kindi hakuupenda ule ukimya, basi akawa anafagia.

Akiamka, anafagia. Akila, anafagia. Akikosa cha kufagia, anafagia hivyo hivyo. Alifagia kwa mkia wake mwenyewe, fya! fya! fya! Ganda la karanga halikulala ndani. Na nzi, usiseme! Nzi akichungulia tu mlangoni, mkia huo, fyaaa! Msitu mzima ulijua kwamba kwa Bi Kindi haingii mdudu.

Siku moja upepo ukavuma. Tawi likavunjika, likaanguka pwaa! mbele ya mlango. Bi Kindi akatoka mbio kwenda kulifagia. Akainama, akaona kitu kidogo cha kijani kimeng'ang'ania kwenye tawi, miguu yote minne na mkia juu yake. Kilikuwa kinyonga, tena mtoto.

"Wewe ni wa nani?"

"Wa mama," akasema Kinyonga. "Mwewe kamchukua."

Bi Kindi hakuuliza tena. Moyo ulimuuma. Akambeba, akamwingiza ndani, akamtandikia sufi laini kuliko aliyolalia yeye. Akamenya karanga. Akakata papai. Akaleta na maji kwenye kifuu.

"Kula, mjukuu wangu."

"Nimeshiba, bibi. Ahsante."

Watoto, kinyonga anakula nini?

Nzi!

Nzi na panzi, wakiwa hai, wakitembea. Asiyetembea hamwoni kama ni chakula. Na maji hanywi ya kifuu, anaramba matone juu ya majani. Nyie mnajua. Bi Kindi hakujua. Yeye alilea kindi tu maisha yake yote.

Na Kinyonga hakusema. Mama yake alimfunza adabu. Alimwambia, "Ukiwa kwa watu, usiombe chakula. Ukipewa usichokila, sema umeshiba, ushukuru." Basi mtoto akashika aliyoambiwa.

Asubuhi Bi Kindi akaleta mbegu za maboga.

"Kula, mjukuu wangu."

"Nimeshiba, bibi. Ahsante."

Jioni akaleta mahindi mabichi, kayatafuna kwanza yeye yawe laini.

"Kula, mjukuu wangu."

"Nimeshiba, bibi. Ahsante."

Akashiba nini, na tumbo limegusana na mgongo? Bi Kindi akaona labda nyumba ni chafu, ndiyo maana mgeni hali. Akafagia zaidi. Nzi wakija, fyaaa! Panzi akirukia mlangoni, fyaaa! Kila chakula cha mtoto kilichojileta chenyewe, bibi wa watu alikifukuza. Na alikifukuza kwa mapenzi.

Kinyonga akaanza kubadilika. Ule ukijani ukaenda. Akawa wa majivu. Kisha akawa mweusi, macho yameingia ndani. Bi Kindi akawa analala akiamka, anamgusa aone kama anapumua.

Akaja jirani, Mama Kanga, akasimama mlangoni na madoadoa yake.

"Shoga, kinyonga ni nuksi. Mtoe."

"Nuksi ni huo mdomo wako."

"Haya. Atakufia humo ndani. Na hilo nalo utalifagia?"

Mama Kanga akaenda zake, kwa! kwa! kwa! Na neno lile likabaki ndani ya nyumba.

Basi siku hiyo Bi Kindi hakufagia. Kwa mara ya kwanza hakufagia. Aliketi karibu na mtoto, mkono wake juu ya kile kimgongo chembamba. Maganda ya papai yakabaki chini. Karanga zikabaki chini. Jua likaingia mlangoni, likayapiga maganda, yakaanza kunuka.

Zzzii.

Nzi kaingia. Kazunguka. Katua kwenye ganda.

Mnayajua macho ya kinyonga? Hili laenda huku, lile laenda kule. Basi jicho moja la Kinyonga likamwendea nzi. La pili likamwendea Bi Kindi, likamtazama usoni, likaomba.

Mkia wa Bi Kindi ukainuka. Mazoea, jamani! Ukainuka, uko juu tayari kupiga. Kinyonga akaliona hilo, akayafumba macho yote mawili, akageuza uso ukutani.

Mkia ukaganda hewani.

"Mjukuu wangu," akasema Bi Kindi polepole. "Unamtaka yule?"

Kinyonga akafumbua jicho moja.

"Sema tu."

"Mama alinikataza," akasema Kinyonga kwa sauti ndogo. "Alisema nisiombe chakula nikiwa kwa watu."

Bi Kindi akaushusha mkia taratibu, akaukalia.

"Kwani hapa ni kwa watu? Hapa ni kwenu."

Kinyonga akageuka.

"Bibi, nina njaa."

"Kula, mjukuu wangu."

Chwap!

Ulimi ulitoka, ukarudi. Nzi hayupo. Bi Kindi akaruka kwa mshtuko, akacheka, akalia, vyote pamoja.

"Umeshiba?"

"Bado, bibi!"

Hakuna neno lililowahi kumfurahisha Bi Kindi kama hilo.

Toka siku hiyo akamtoa shimoni, akamweka kwenye kijiti penye jua. Kila asubuhi alichovya mkia kwenye kifuu, akayanyunyizia majani, Kinyonga akaramba matone. Papai lililoiva sana aliliacha mlangoni lioze. Mama Kanga alipopita akakuta nzi wamejaa.

"Shoga! Nyumba yako imekuwaje?"

"Shhh. Mtoto anakula."

Na Bi Kindi, aliyekuwa hatulii, akajifunza kutulia, maana akitikisika nzi wanakimbia. Siku moja nzi akatua puani mwake. Akatembea huku, akatembea kule. Pua ikawasha! Machozi yakamtoka. Bi Kindi hakutikisika. Kinyonga, kijani kama jani jipya, akaja hatua kwa hatua, akiyumba, akilenga.

Chwap!

"Umeshiba, mjukuu wangu?"

"Sasa ndiyo, bibi."

Wakubwa, ukichukua kiumbe ukamweka nyumbani, usimpe unachokipenda wewe. Tulia, mtazame, ujue yeye anakula nini. Na nyie watoto, adabu ni nzuri, lakini ukiwa na njaa sema, kwa maana anayekupenda anangoja kusikia.

Hadithi yangu imefika hapo, imekaa. Wewe mwenye nzi puani, sasa mfukuze.