Kona ya Mlingoti

Wahenga waliosema kwamba kidole kimoja hakivunji chawa hawakuwahi kuona mpira wa kikapu, lakini walijua walichokuwa wakisema. Chukua kidole chako kilicho kirefu kuliko vyote, mbonyeze nacho chawa kichwani, kisha uniambie umefika wapi. Chawa atatoroka, nawe utabaki unajikuna. Maana yake ni nyepesi: mtu mmoja, awe hodari namna gani, haimalizi kazi ya wengi. Kila mtu huijua methali hii tangu shule ya msingi, na karibu kila mtu huisahau siku anapompata hodari wake. Madobi waliisahau, na kusahau huko nusura kuwatie wazimu.

Madobi ilikuwa timu ya mpira wa kikapu ya wanawake wa kiwanda cha kufulia mashuka ya hospitali na ya nyumba za wageni. Mle kiwandani mashine zilinguruma kutwa, mvuke ukatanda, na humsikii mwenzako hata akiwa ubavuni pako. Kwa hiyo walizoea kufanya kazi kwa macho na kwa maneno machache mno. Shuka pana hukunjwa na watu wawili. Kila mmoja hushika ncha zake, wanalivuta, wanalikunja, kisha mmoja humwendea mwenzake na kumkabidhi. Anayekabidhiwa husema, "Nimepokea," halafu huongeza, "Achia." Usipoachia, shuka halikunjiki, mtavutana hapo mpaka jua lizame. Walikuwa na desturi nyingine pia: dobi akiugua, nafasi yake kwenye meza ya kukunjia haikaliwi na mtu mpaka arudi. Ni heshima nzuri sana, kwa mtu atakayerudi.

Nahodha wa timu aliitwa Kitufe, kwa sababu ya udogo wa umbo lake. Nyota wa timu alikuwa dada yake wa tumbo moja, Mlingoti, mwanamke mrefu ambaye kila mlango aliuingia kwa kuinama kana kwamba anausalimu. Mlingoti alisimama kona ya kushoto ya uwanja. Alipotaka mpira hakupaza sauti. Alialisha vidole, gumba likisugua cha kati, tak-tak, naye Kitufe akamrushia bila hata kugeuza shingo. Mpira ukishafika mikononi mwa Mlingoti, wenzake walishusha mikono na kuanza kupumzika.

"Timu ni taa, nyota ni utambi," alipenda kusema kocha wao, mzee aliyestaafu ualimu, ambaye wote walimwita Mwalimu. "Bila nyota hakuna kombe. Andikeni mahali."

Kisha homa ikamshika Mlingoti, ikamchukua kabla msimu haujafika katikati. Madobi walilia, wakazika, wakarudi kazini. Hawakukaa kikao wala kushauriana; walifanya walivyozoea. Nafasi yake mezani haikukaliwa, na kona yake uwanjani haikukaliwa. Msichana mpya wa kiwandani, aliyeingizwa kujaza idadi na ambaye jina lake halikuulizwa, akaitwa Mgeni. Aliambiwa asimame popote apendapo, ila si pale.

Jioni ya mazoezi ya kwanza baada ya mazishi, taa za ukumbi zilikuwa ndiyo kwanza zinawashwa, zinapepesa. Kitufe alikuwa anadundisha mpira katikati ya uwanja. Mara akasikia, tak-tak. Mikono yake iliurusha mpira kushoto kabla akili haijasema neno. Kila mmoja alingoja ugonge ukuta. Haukugonga. Ulipofika usawa wa kifua cha mtu mrefu ulitulia kidogo hewani, kisha ukashuka taratibu, ukakaa sakafuni kama kitu kilichowekwa kwa mkono. Hakuna aliyenyanyua mguu.

"Endeleeni," Mwalimu alisema kwa sauti ya chini. "Bado tunaye."

Wakaendelea. Katika nusu fainali, Madobi wakiwa nyuma na muda ukiyoyoma, tak-tak ikasikika tena, Kitufe akaurusha mpira konani, na mpira ukainuka kutoka pale ukaingia kikapuni. Mwamuzi aliwatazama wachezaji mmoja mmoja akitafuta aliyefunga, hakumwona, akahesabu bao. Waliokuwa jukwaani wanasema uligonga nguzo ukadunda. Wengine wanasema hapakuwa na nguzo upande ule. Siapi, sikuwepo.

Ninalolijua ni kwamba kona ile ilianza kuwa na baridi. Siku moja Mgeni aliufuata mpira hadi pale, akatoka meno yakigongana na vinyweleo vimemsimama mikono yote miwili, akasema harudi tena hata kwa kuburutwa. Bi Sabuni, mpimaji wa sabuni kiwandani na mchezaji mkubwa kwa umri kuliko wote, akawa anapita mbali na kona akitembea ubavu kama kaa.

Kitufe peke yake hakuogopa. Nyumbani kitanda cha dada kilikuwa kimetandikwa na hakilaliwi. Chumba kilikuwa kimya, na kimya chenyewe kilimuuma. Lakini ukumbini dada alikuwa anamwita. Alihesabu saa za kazi zipite apate kwenda kuitwa. Aliwaza kwamba siku mtu atakaposimama kwenye kona ile, sauti itakoma, naye atakuwa amemzika dada yake mara ya pili. Kwa hilo alikuwa tayari kugombana na yeyote.

Fainali ikafika. Wapinzani walikuwa Waokaji, wanawake wa kiwanda cha mikate, mabingwa wa miaka nenda miaka rudi. Waokaji si wajinga. Waliona mara moja kwamba upande wa kushoto hapasimami mtu, wakauacha wazi, wakaja wote kuwasonga Madobi kulia. Tak-tak, Kitufe akarusha konani; mpira ukapita moja kwa moja, ukatoka nje. Tak-tak, akarusha tena; ukatoka tena. Watu jukwaani wakaanza kucheka. Mtu mmoja akauliza kwa sauti kama madobi wanaanika mipira.

Wakati wa mapumziko walikaa chumba cha kubadilishia nguo, jasho likiwatiririka.

"Mpeni mpira zaidi," Mwalimu alisema. "Nyota huchelewa kuwaka, lakini huwaka."

Mgeni alikuwa anafunga kamba za viatu. Akasema bila kuinua uso, "Samahani, Mwalimu, mie ni mgeni, sijui mambo ya nyuma. Dada Mlingoti alipokuwa hai, mlichukua kombe mara ngapi?"

Bi Sabuni alijifuta jasho usoni kwa ukingo wa fulana.

"Hatujalichukua," alijibu. "Kila fainali Waokaji walimwekea watu wawili, akazibwa, basi."

"Na nyinyi wengine mlikuwa mnafanya nini?"

Ni Kitufe aliyejibu.

"Tulikuwa tunamtazama," alisema, na kusema huko kulimchoma, maana hakuwa amewahi kulisikia neno hilo hata akilini mwake. Walimpenda Mlingoti, wakamwachia mzigo wote, na kila mwaka walimwangalia akizidiwa. Sasa amekufa, na bado walikuwa wanamrushia.

Kipindi cha pili vidole vilialika mfululizo. Haikuwa tena sauti ya kuita. Ilikuwa kama ya mtu anayegonga mlango aliofungiwa ndani, naye amechoka kugonga. Kitufe aliisikia hivyo kwa mara ya kwanza. Alijizuia kurusha. Akampa Bi Sabuni, Bi Sabuni akampa Mgeni, na bao kwa bao Madobi wakajikokota mpaka wakabaki nyuma kwa pointi moja, muda ukiwa karibu kwisha.

"Dundisha wewe," Kitufe alimwambia Mgeni, akamkabidhi mpira.

"Wewe unakwenda wapi?"

"Kwa dada."

Akaenda, akasimama konani. Baridi ilimfunika mabega kama shuka bichi lililotoka mashineni. Kelele za jukwaa zikafifia, zikawa mbali. Sakafuni aliona kivuli chake kifupi, na kando yake kivuli kingine kirefu kilichofika hadi chini ya kikapu, ilhali nyuma yake hapakuwa na mtu. Vidole vikaalika karibu na sikio lake. Alitaka kukaa hapo hapo, na baridi yake, asiondoke kamwe. Alitaka hivyo kwa moyo wake wote. Badala yake alinyoosha mikono mbele, viganja juu, kama afanyavyo mezani.

"Nimepokea, dada," alisema, na machozi yakamtoka. "Achia."

Kile kivuli kirefu kiliinama, kama Mlingoti alivyokuwa akiinama kila mlangoni. Kisha hakikuwepo. Joto likarudi, na makelele yote ya ukumbi yakarudi kwa pamoja.

Mwokaji mmoja alishtuka kuona kona ina mtu, akakurupuka kumfuata Kitufe, na ukuta wao ukafunguka. Mgeni akampa Kitufe, Kitufe akampa Bi Sabuni, Bi Sabuni kwa mwenzake wa kulia, kila mmoja akipokea na kuachia kwa macho tu, kama wako kiwandani na mashine zinanguruma. Mpira ukamrudia Mgeni chini ya kikapu. Mgeni hakuwa amewahi kufunga hata bao moja msimu mzima. Akaurusha vibaya vibaya, ukazungukazunguka juu ya ukingo, ukaingia. Filimbi ikalia.

Mwalimu alipokabidhiwa kombe aligeuka huku na huku asijue ampe nani alinyanyue. Wakalishika wote, kila mmoja na upande wake, na yeye mzee wakamvuta akashika kwenye kitako. Hakusema tena habari za utambi.

Kitufe alibaki konani akisikiliza. Hakukuwa na kitu. Ilikuwa kona tu, yenye vumbi na joto kama kona nyingine zote. Alilia kama siku ya mazishi, labda kuliko siku ya mazishi. Kisha akainua mkono, akaalisha vidole vyake mwenyewe, tak-tak, na wenzake wanne wakageuka kwa pamoja wakamjia.

Kesho yake kazini alimshika Mgeni mkono, akamsimamisha kwenye nafasi ya Mlingoti mezani, akamuuliza jina lake, wakaanza kukunja. Akiwa ameshika ncha za shuka, aliwaza jambo ambalo halikuwa limempitia akilini miaka yote ile: hata dada, mrefu wa warefu, ili aitwe tu nyota alihitaji mtu wa kumrushia, na hata ile tak-tak yake hakuwa akiitoa kwa kidole kimoja. Wahenga hawakukosea, wala hawakumsamehe yeyote kwa sababu ya urefu wake: kidole kimoja hakivunji chawa.