Chemchemi Isiyoonwa na Mgeni wa Siku Moja

Palikuwapo, na pangalipo hadi leo, mji mdogo uitwao Ndorwe, ulioegemea bega la mlima, mahali ambapo ukungu huingia majumbani bila kupiga hodi. Ninyi mliopanda kuja kututembelea leo mmeuliza kwa nini mmeonyeshwa kila kitu isipokuwa chemchemi. Swali la mgeni halilazwi nje. Kaeni basi, mnyooshe miguu, msikie ilivyokuwa.

Zamani hizo vivutio vya Ndorwe vilikuwa hivi hivi mlivyoviona. Yalikuwapo maporomoko ya Kiluwe, yanayoshuka meupe kama ndevu za mzee. Lilikuwapo Jiwe Ngoma, ambalo ukiligonga kwa kokoto hulia. Lilikuwapo pango la mbayuwayu. Na ilikuwapo chemchemi, ambayo ukisimama ukingoni na kupiga makofi, maji huitika kwa kutoa mapovu chini ya mchanga. Waliokuwa tofauti ni watu. Kila mtaa ulijivunia kivutio chake, na uliamini kwamba mgeni asiyekiona hajafika Ndorwe. Basi mgeni alipochomoza tu pale njia inapokunja, huyu alimshika mkono wa kulia, yule wa kushoto, akakokotwa mlimani na mabondeni mpaka jua likaelekea kuzama. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa Ndorwe mwenyeji alipona kweli kweli. Mgeni ndiye aliyeondoka mgonjwa. Wala hakurudi tena. Arudie nini? Alishaviona vyote, na magoti yake hayakuwa na hamu ya kuviona upya.

Siku hizo aliishi mjane mmoja aitwaye Nakijwa. Alikuwa mwanamke mpole, mwenye nyumba ndogo ya udongo karibu na njia kuu, na mwana mmoja tu, Mkindi, fundi seremala. Mkindi alishuka tambarare kutengeneza milango ya watu, na huko akampenda binti aitwaye Nanzia. Nanzia naye akampenda. Baba yake, Mzee Kiangi, hakuwa na neno. Mwenye neno alikuwa mama, Nambike.

"Kijana hana kasoro," alisema Nambike. "Lakini huko juu wanaishi na mawingu. Mwanangu akiugua, nani atamchemshia uji? Nitapanda mwenyewe, kwa siku moja. Nipaone mahali, niwaone na watu. Nikirudi ndipo nitakapotoa neno langu."

Habari hizo zilipomfikia Nakijwa, hakupata usingizi mzuri tena. Aliipaka nyumba udongo mpya, akafagia uwanja hadi ukang'aa, na siku yenyewe akainjika makande kabla jogoo hajawika. Hakumwambia mtu. Lakini Ndorwe siri haina mlango. Nambike na mumewe walipotokea wakimwongoza punda wao, mji mzima ulikuwa njiani ukiwasubiri.

"Jamani," Nakijwa alisema, akijipenyeza katikati ya watu, "wapite kwanza nyumbani wanywe hata maji!"

"Maji yako Kiluwe, tele!" wakamjibu watu wa mtaa wa juu, na wakwe wakachukuliwa.

Kiluwe walilowa chapachapa. Kwenye Jiwe Ngoma mtu mmoja alipiga wimbo mzima, beti zote, na Mzee Kiangi, aliyependa ngoma, akaomba ajaribu. Pale angalau palikuwa na kicheko. Kisha wakapandishwa pangoni. Mbayuwayu wakaruka kwa fujo, wakaidondoshea kanga mpya ya Nambike kile ambacho mbayuwayu hudondosha. Wakati wa kutoka, ukanda wa kiatu chake ukakatika. Muda wote huo Nakijwa alifuata nyuma, akisema neno moja huku na neno moja kule, na hakuna aliyemsikia. Alijiona kama mgeni katika mji wake mwenyewe.

Nambike akaketi juu ya gogo, akakishika kiatu chake mapajani. Hakupiga kelele. Alimwambia mumewe kwa sauti ya chini, "Baba Nanzia, nimeona maji, nimeona jiwe, nimeona ndege. Mtu bado sijamwona. Twende zetu nyumbani."

Nakijwa aliyasikia. Alimwona moyoni mwake Mkindi akirudi kutoka tambarare na sanduku lake la randa, asitake kula. Aliwaza makande yake jikoni, ambayo sasa yalikuwa yanaganda juu kama maziwa yaliyosahauliwa.

"Chemchemi!" watu wakapaza sauti. "Bado chemchemi!"

Na hapo akatokea Mzee Sengondo, mtunza chemchemi, amevaa joho lake la sherehe. Tangu asubuhi alikuwa amefagia njia nzima ya kwenda kule, jani kwa jani. Chemchemi ndiyo ilikuwa fahari ya Ndorwe, na siku zote iliwekwa mwisho, kama nyama ya mwisho kwenye sinia. Watu wakampisha. Wengine walikwisha kumshika Nambike kwapani ili wamwinue.

Nakijwa hakujua kama miguu yake ingempeleka pale, lakini ilimpeleka. Alisimama katikati ya njia, akatandaza mikono, na maneno yakamtoka kabla hajayapima.

"Chemchemi haionwi na mgeni wa siku ya kwanza."

Mtu mmoja akacheka, akadhani ni utani. Wengine wakatazamana, maana hakuna aliyewahi kusikia jambo kama hilo tangu azaliwe. Mzee Sengondo angeuliza tu, "Tangu lini?", basi Nakijwa angekuwa mwongo mbele ya wakwe, na ndoa ya mwanawe ingeishia pale pale.

Mzee Kiangi, mtu wa adabu, akavua kofia. "Shikamoo mzee. Kumbe ni mwiko?"

"Marahaba." Sengondo aliutazama mguu wa Nambike, uliokuwa na lengelenge kubwa kisiginoni. Akamtazama Nakijwa, ambaye mikono yake bado ilikuwa hewani. Kisha akageuka akaitazama njia yake iliyofagiliwa, safi, isiyo na unyayo hata mmoja.

"Ni mwiko," akasema. "Tena mkubwa. Nimekuja mwenyewe kuhakikisha hauvunjwi."

Mtunza chemchemi akishasema, nani abishe? Umati ukatawanyika ukinung'unika, na Nakijwa akawapeleka wageni wake nyumbani taratibu, mguu mosi, mguu pili. Akampa Nambike kigoda, akaleta maji ya uvuguvugu, akapiga magoti akamwosha miguu. Kisha akapakua. Makande yalikuwa yameshika chungu kidogo, lakini Nambike alikula, akaongeza, akakwangua sahani.

Ndipo watu wakaanza kuja, safari hii mmoja mmoja, na kwa hodi. Mwanamke wa mtaa wa Kiluwe alileta maziwa, akaomba radhi kwa ile kanga iliyolowa. Yule mpiga Jiwe Ngoma alikuja na uzi na sindano ya ngozi, akaketi kizingitini, akashona ukanda wa kiatu bila kuimba hata ubeti mmoja. Mkunga wa mji alipita kusalimia. Nambike alimwuliza habari za uzazi na homa, akajibiwa lililo kweli. Mzee Sengondo naye alifika, akala mara mbili, na alisimulia jinsi alivyowahi kuanguka ndani ya chemchemi akiwa na joho lile lile. Nambike alicheka mpaka akajifuta machozi kwa pindo la kanga.

Jua lilipoinama, wanawake wawili wale wakawa peke yao jikoni wakikusanya vyombo.

"Mama Mkindi," Nambike akauliza, "huu mwiko wenu ni wa tangu lini?"

Nakijwa alikuwa na bakuli mkononi. Akaliweka chini. "Wa leo, dada," akasema. "Asubuhi haukuwapo."

Nambike alimkazia macho. Halafu bega lake likaanza kutikisika, na kicheko kikamtoka tumboni hata punda akageuza masikio huko nje. "Basi usithubutu kuuvunja," akasema. "Sitaki isemwe kwamba Nanzia wangu aliolewa mahali pasipo na miiko."

Walipoagana pale njia inapokunja, Nambike alitembea hatua chache, akageuka, akaita kwa sauti mji mzima usikie: "Nimebakiza chemchemi!" Hilo ndilo lililokuwa neno lake. Nakijwa alilielewa, akapiga kigelegele hadi mbayuwayu wakatoka pangoni.

Na kweli Nambike alirudi, pamoja na Nanzia na nusu ya kijiji chao, siku ya harusi. Mzee Sengondo alimwongoza mwenyewe. Nambike akasimama ukingoni, akapiga makofi, na maji yakamwitikia. Ndipo wazee wa Ndorwe walipogundua jambo ambalo hawakuwahi kulifikiri: kati ya wageni wote wa siku moja waliowahi kupanda mlima ule, huyu alikuwa wa kwanza kurudi. Wakakaa baraza, wakakubaliana kwamba uongo wa Nakijwa ulikuwa na faida kuliko kweli yao.

Na tangu siku hiyo, mgeni akifika Ndorwe huketishwa kwanza, akapewa maji, akala, akajulishwa watu kwa majina yao. Baadaye ndipo huonyeshwa vivutio, kwa mwendo wa miguu yake mwenyewe, na chemchemi huachwa. Asihonge wala asibembeleze, wapo waliojaribu. Na jioni, pale njia inapokunja, hakuna anayesema kwaheri. Wenyeji huuliza, "Umebakiza nini?" Mgeni hujibu, "Nimebakiza chemchemi." Na papo hapo mwenye nyumba huanza kuwaza atampikia nini siku atakaporudi.